Tunajuaje? Mwongozo kamili wa kuwafundisha watoto wadogo maisha ya wawindaji na wakusanyaji wa kale

Watoto wakisikia "Hapo zamani za kale", hujua mara moja wanakopelekwa: kwa Sungura na Fisi, kwa mfalme asiye na jina, mahali ambapo lolote linawezekana na hakuna anayedai ushahidi. Ni ufunguzi mzuri wa hadithi, lakini ni ufunguzi mbaya wa somo hili. Watu walioishi kwa kuwinda, kuvua, kuchimba mizizi na kuchuma matunda kabla ya kilimo walikuwa watu kweli, wenye magoti yaliyochubuka na watoto waliokataa kulala, na tunawajua kwa sababu waliacha vitu ardhini. Mtoto akishawatia kapu moja na Sungura, kuwatoa humo ni kazi ya miaka.

Kwa sababu hiyo, mwongozo huu umejengwa juu ya swali moja ambalo hata mtoto wa miaka 5 anaweza kulishika: "Tunajuaje?" Kila hatua inaanza na kitu cha kutazama, kushika au kufanya, na maelezo yanafuata baadaye. Walengwa ni walimu wa darasa la awali na madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi, pamoja na wazazi wanaofundisha nyumbani, kwa watoto wa miaka 5 hadi 9. Hatua zote zinaenea vizuri katika wiki 7 au 8, somo moja la dakika 40 kwa wiki. Mwenye muda mfupi achague hatua ya kwanza, ya tatu na ya tano, aziache nyingine bila majuto.

Kabla ya kuanza: mambo ya kuweka sawa kichwani

Mwalimu hahitaji kuwa mwanaakiolojia, ila anahitaji tarehe chache zisizomtoka. Zana za mawe za kale zaidi zinazojulikana zilipatikana Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, na umri wake ni miaka milioni 3.3. Mabaki ya kale zaidi yanayohusishwa na binadamu wa aina yetu, yale ya Jebel Irhoud nchini Moroko, yana takriban miaka 300,000. Kilimo kilianza miaka 12,000 hivi iliyopita, tena si kila mahali kwa wakati mmoja. Ukizipanga tarehe hizo, utaona kwamba kuwinda na kukusanya ndiyo sehemu kubwa ya historia yetu, na kilimo, miji na maandishi ni mambo ya jioni ya siku ya mwisho.

Kuna dhana tatu ambazo watoto huja nazo kutoka kwenye katuni, na ni heri mwalimu azing'oe mapema. Ya kwanza ni kwamba watu hao walikimbizwa na dinosaria. Dinosaria wale wakubwa walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, kwa hiyo hakuna binadamu aliyewahi kuwaona. Ya pili ni kwamba wote waliishi mapangoni. Wapo waliotumia mapango, lakini wengi walilala kwenye kambi za wazi, vibandani au chini ya miti. Mapango yamejipatia sifa hiyo kwa sababu yanakinga vitu dhidi ya mvua na jua, na ndiyo maana vinapatikana humo.

Dhana ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, nayo ni kwamba walikuwa wajinga waliowasiliana kwa kunguruma. Kwenye kambi ya Ohalo II, kando ya Bahari ya Galilaya, ambayo watu waliikalia miaka 23,000 hivi iliyopita, watafiti walipata mabaki ya zaidi ya aina 140 za mimea. Jiulize wewe mwenyewe unaijua mimea mingapi kwa jina, msimu wake, sehemu inayolika na sehemu inayoua. Mimi nilipojaribu kuihesabu niliyonayo, nilikwama kabla ya kufika 40, na nusu yake nisingethubutu kuitia mdomoni.

Hatua ya kwanza: kuzika vitu siku ya kwanza kabisa

Zoezi hili lifanyike kabla ya lingine lolote, kwa kuwa linahitaji majuma 6 ardhini. Tafuteni kona yenye udongo unaopata unyevu, mchimbe shimo lenye kina cha sentimita 20, kisha kila mtoto aweke kitu kimoja. Mkusanyiko wenu uwe na jani bichi, ganda la tunda, kipande cha kamba ya katani, kipande cha karatasi, kijiti, mfupa mdogo uliochemshwa na kukaushwa, gamba la konokono, jiwe na kizibo cha plastiki. Chora orodha ya vitu hivyo kwenye karatasi kubwa, na mbele ya kila kimoja watoto waandike au wachore utabiri wao: kitabaki, kitabadilika, au kitaisha. Fukieni, wekeni alama, na msiguse tena.

Siku ya kufukua, jani na ganda huwa vimekwisha au vimegeuka utelezi mweusi, karatasi imelainika na kumeguka, kamba imeanza kuoza, lakini jiwe liko vilevile, na kizibo kinang'aa kama kilivyonunuliwa. Hapo ndipo mwulize mtoto swali ambalo somo zima linalitegemea: mtu asiyetujua akichimba hapa baada ya miaka mingi sana na akute jiwe na kizibo tu, atasema sisi tulikuwa watu wa namna gani?

Watoto hucheka, kisha hunyamaza. Wamekwisha kuelewa kwa nini kipindi kile kinaitwa Zama za Mawe ilhali watu wa wakati huo walitumia miti, ngozi, magome, kamba na majani kuliko mawe: mawe ndiyo yaliyosubiri. Usiwaharakishe hapa. Darasa likielewa jambo hili moja, yote yanayofuata yatakuwa mepesi.

Hatua ya pili: nyayo

Wakati vitu vinaoza ardhini, anzeni na nyayo, maana mtoto anazo zake miguuni. Mwaga mchanga mwembamba kwenye turubai la urefu wa mita 3, unyunyizie maji mpaka ushikamane, kisha uwatoe watoto nje isipokuwa watatu. Mmoja apite akitembea, mwingine akikimbia, wa tatu akiwa amebeba begi zito. Waite wengine, na bila kuwaambia lolote waache wasome: nani alipita kwanza, nani alikuwa na haraka, nani alikuwa na mzigo? Anayekimbia huacha hatua zilizo mbali na ncha ya mguu iliyozama zaidi, na mwenye mzigo huzama kisigino. Watoto hugundua haya wenyewe ukiwapa dakika 10 za ukimya, ingawa ukimya wa dakika 10 kutoka kwa mwalimu ni jambo gumu kuliko linavyosikika.

Baada ya hapo waonyeshe picha ya nyayo za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, ambazo kundi la watafiti lililoongozwa na Mary Leakey lilizifukua kuanzia mwaka 1978. Majivu ya volkeno yalianguka, yakalowa, viumbe waliotembea kwa miguu miwili wakapita juu yake, kisha majivu mengine yakafunika. Njia hiyo ina urefu wa mita 27 hivi na nyayo zipatazo 70, na umri wake ni miaka milioni 3.66. Waliopita pale hawakuwa binadamu wa aina yetu, na kwa watoto wadogo inatosha kusema walikuwa jamaa zetu wa mbali sana waliokwisha kusimama wima. Muhimu ni kwamba kazi waliyoifanya wataalamu kwenye majivu yale ni ileile waliyoifanya watoto kwenye turubai.

Hatua ya tatu: kamba ya wakati

Mtoto wa miaka 6 akiambiwa "miaka elfu 300" husikia tu neno "nyingi", sawa na anavyosikia akiambiwa miaka 100. Namba lazima igeuzwe kuwa umbali. Chukua kamba na mkubaliane kwamba sentimita 1 ni miaka 1,000. Kwanza mwonyeshe mtoto maisha ya bibi yake: hayafiki hata milimita 1, ni unene wa alama ya kalamu. Maandishi ya kwanza yanaangukia kwenye sentimita ya 5. Kilimo kinaanza kwenye sentimita ya 12, na hapo fungeni uzi wa kijani. Binadamu wa aina yetu wanaanza kwenye mita 3, na hapo fungeni uzi mwekundu.

Sasa mwombe mtoto aweke mkono wake kati ya uzi wa kijani na mwanzo wa kamba, halafu atembee kutoka uzi wa kijani hadi uzi mwekundu. Sehemu ya kwanza inaenea kiganjani. Ya pili inahitaji hatua kadhaa. Sehemu ile ndefu yote watu waliishi bila shamba. Mkiwa na uwanja, endeleeni: zana za Lomekwi ziko mita 33 kutoka mwanzo wa kamba, na nyayo za Laetoli ziko mita 36.6. Kisha mwulize darasa dinosaria wa mwisho wako wapi. Jibu ni mita 660, na hapo ni vizuri kuonyesha kwa kidole jengo au mti ulio mbali kiasi hicho. Tangu nilipoanza kutumia kamba hii, swali la dinosaria hujibiwa na watoto wenyewe, tena kwa dharau kidogo dhidi ya mwenzao anayelirudia.

Kamba ibaki imetundikwa ukutani mpaka mwisho wa somo zima, na kila kitu kipya kitakachotajwa kipate kikaratasi chake juu yake.

Hatua ya nne: jiwe na alama zake

Hatua hii inahitaji uangalifu, na nitasema wazi: watoto wadogo wasigonge mawe kutengeneza makali. Vipande vinavyoruka huingia machoni, na kingo zake hukata kama wembe. Mtu mzima afanye kazi hiyo peke yake kabla ya somo, akiwa amevaa miwani ya kinga na glavu, mbali na watoto. Anahitaji jiwe la nyundo la ukubwa wa ngumi, mviringo na gumu, pamoja na jiwe lenye chembe laini. Gumegume hufaa sana likipatikana. Pigo likielekezwa karibu na ukingo, kwa pembe ya kupitia badala ya kuligonga jiwe wima, kipande chembamba humenyuka na kuacha ukingo mkali. Ukipata kipande kimoja kizuri, inatosha.

Darasani, mwalimu akate karatasi au kipande cha ngozi kwa ukingo huo huku watoto wakitazama kutoka umbali wa mita 2. Sauti ya ngozi ikipasuka polepole hufanya kazi ambayo maelezo ya nusu saa hayawezi kuifanya. Watoto nao wapewe kazi salama ya mawe: jiwe bapa la chini na jiwe la mviringo la kupondea, na mbegu zenye ganda gumu za kuvunja. Watagundua haraka kwamba pigo zito huponda kila kitu, na pigo jepesi halivunji chochote.

Halafu njoo kwenye ushahidi. Chukua vipande viwili vya sabuni ya mche. Cha kwanza mwalimu akikwaruze kwa ukingo wa jiwe, cha pili mtoto akikwaruze kwa ncha butu ya penseli, ambayo hapa inasimama badala ya jino la fisi. Mchubuko wa jiwe ni mwembamba na una umbo la herufi V; wa penseli ni mpana, wenye sakafu ya mviringo kama U. Wanaakiolojia hutazama tofauti ya namna hiyo kwenye mifupa ya kale, wakitumia hadubini, ili kujua kama nyama ilikatwa na mtu au ilitafunwa na mnyama. Wape watoto vipande vingine ulivyovikwaruza kwa siri, waseme nani alikula hapo, na kwa kila jibu uliza: unajuaje?

Hatua ya tano: mchezo wa kutafuta chakula

Wakubwa wengi wakisikia "mwindaji" hufikiria mkuki na mnyama mkubwa, na watoto huwaiga. Mchezo huu huvunja picha hiyo bila mwalimu kuhubiri. Gawa darasa katika makundi ya watu 5 na usambaze uwanjani vikaratasi vya rangi. Vyekundu 30 ni matunda, vimelala wazi, na kila kimoja kina alama 1. Vya kahawia 8 ni mizizi, vimefukiwa kwenye sanduku la mchanga, vinachimbwa kwa kijiti tu, na kila kimoja kina alama 5. Vya njano 2 ni asali, vimewekwa mahali pa juu panapohitaji kushauriana, na kila kimoja kina alama 10. Mnyama ni mmoja: boksi ambalo mwalimu analivuta kwa kamba, na kundi linalotaka kumwinda lina nafasi 3 za kumpiga kwa mpira laini. Ana alama 30.

Kila mtu anahitaji alama 4 ili kundi lisilale njaa. Wape dakika 8, kisha kila kundi limwage vyake kwenye mkeka mmoja na kuhesabu. Karibu kila mara, kundi lililomkimbilia mnyama watu wote watano hurudi mikono mitupu, na kundi lililogawana kazi hushiba. Mara mojamoja mnyama hupatikana, na hapo linakuja swali jingine tamu: alama 30 ni nyingi kuliko mnavyohitaji, nyama itaharibika kesho, mtafanyaje? Sijawahi kuona darasa ambalo halikufikia lenyewe wazo la kuwapa jirani. Leo kwangu, kesho kwako. Na watoto wakishacheza mara mbili wataielewa methali hiyo kama hesabu.

Raundi ya pili, ondoa vikaratasi vyote vyekundu bila kutoa sababu. Watalalamika. Waambie msimu wa matunda umekwisha hapa, lakini upande wa pili wa uwanja bado upo. Mchezo umewapeleka kwenye hatua inayofuata.

Neno kuhusu wavulana na wasichana linafaa hapa, maana mtoto mmoja hatakosa kusema kwamba uwindaji ni kazi ya wanaume. Katika milima ya Peru, mahali panapoitwa Wilamaya Patjxa, lilifukuliwa kaburi la miaka 9,000 hivi la msichana aliyezikwa na ncha za mawe za silaha za kuwindia pamoja na zana za kuchunia ngozi. Taarifa yake ilitolewa mwaka 2020. Usigeuze mfano huo kuwa sheria ya kila mahali. Mweleze mtoto kwamba kazi ziligawanywa kwa namna tofauti katika jamii tofauti, na kwamba kaburi hilo linatukataza kukisia.

Hatua ya sita: siku ya kuhama

Weka mezani vitu 12: chungu cha udongo, kijiti cha kuchimbia, jiwe kubwa la kusagia, ngozi au blanketi, mkoba, kiti, jiwe lenye makali la kuigiza (kata kwenye boksi gumu), kamba, kibuyu cha maji, mkaa uliofungwa kwenye majani, mdoli anayesimama badala ya mtoto mchanga, na mbeleko. Kila kundi lichague vitu litakavyobeba kwa miguu hadi kambi mpya, ambayo ni mzunguko mzima wa uwanja. Wabebe kweli. Kiti kitaachwa kabla ya kona ya kwanza, na chungu kabla ya ya pili.

Mdoli ndiye mwalimu bora wa somo hili. Kundi lisilochukua mbeleko humbeba kwa mikono, na aliyembeba hawezi kuchimba, kuokota wala kumshika mwenzake. Mtoto wa kike mmoja aliniambia, akiwa anahema, kwamba mtu aliyebuni mbeleko alistahili kuwa maarufu kuliko aliyebuni mkuki. Mbeleko na mikoba huoza, kwa hiyo mbeleko ya kwanza kabisa haiwezi kupatikana, na hapo warudishe kwenye lile shimo la kuozesha vitu. Kuhusu maji, ushahidi upo: huko Diepkloof, Afrika Kusini, vimepatikana vipande vya maganda ya mayai ya mbuni yenye michoro, vya miaka 60,000 hivi, na watafiti wanaona kwamba maganda hayo yalitumika kama vyombo vya maji.

Mkifika kambi mpya, tengenezeni malazi, na hili lisichukue zaidi ya dakika chache. Katika pango la Border, Afrika Kusini, watu walitandika majani juu ya majivu miaka 200,000 hivi iliyopita. Majivu huwasumbua wadudu watambaao. Watoto hupenda sana kujua kwamba kutandika kitanda ni kazi ya kale kiasi hicho, hata wale ambao nyumbani hawakitandiki.

Moto utajwe, uigizwe, lakini usiwashwe na watoto. Waonyeshe ulindi, yaani kijiti cha kupekechea, na waache wapekeche kwenye ubao kwa dakika 1 ili wasikie joto kwa kidole. Majivu na mifupa iliyoungua katika pango la Wonderwerk, pia Afrika Kusini, yanaonyesha moto uliotumiwa miaka milioni 1 hivi iliyopita.

Hatua ya saba: mikono ukutani

Tundika karatasi kubwa ukutani, mtoto aweke kiganja chake, na mwenzake anyunyizie maji yenye rangi kwa chupa ya kupulizia. Mkono ukiondolewa, umbo lake hubaki jeupe. Usiwaruhusu wapulize rangi kwa mdomo, ijapokuwa baadhi ya wachoraji wa kale walifanya hivyo. Rangi inaweza kutengenezwa kwa ngeu, ule udongo mwekundu, uliosagwa na kuchujwa vizuri kwenye maji. Mikono ya namna hii ipo kwenye mapango ya Sulawesi, Indonesia, na mmojawapo una angalau miaka 39,900.

Nchini Ufaransa, kwenye pango la Rouffignac, kuna mistari iliyochorwa kwa vidole kwenye kuta na dari laini, na upana wa vidole unaonyesha kwamba baadhi ya waliochora walikuwa watoto wadogo. Baadhi ya mistari iko juu mno kwa mtoto kuifikia. Uliza darasa alifikaje, kisha usiseme kitu. Atainuka mmoja na kusema, "Alibebwa." Na hivyo ndivyo watafiti wanavyofikiri pia.

Kwa michoro ya wanyama na watu, picha za miambani za Kondoa, Tanzania, ambazo zimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006, zinatosha kwa somo zima la pili, ukiwa na muda.

Kuwataja wanaowinda na kukusanya leo

Baadhi ya walimu huleta picha za Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi au Wasan wa kusini mwa Afrika na kusema, "Hivi ndivyo watu wa kale walivyokuwa." Tafadhali usifanye hivyo. Wahadzabe ni watu wa karne hii kama wewe, wana historia ndefu kama yako, wanafanya biashara na majirani, na baadhi ya watoto wao wako shuleni. Tunaweza kujifunza kwao mambo mengi, kama jinsi wanavyomfuata ndege anayewaongoza kwenye mzinga wa nyuki, au jinsi watoto wao wanavyojitafutia sehemu ya chakula wakiwa bado wadogo, lakini tuyaseme kama ujuzi wa watu walio hai. Kanuni rahisi ya lugha inasaidia: kwa watu wa kale tumia "walikuwa", kwa Wahadzabe tumia "wana", na ukisikia mtoto anachanganya, msahihishe papo hapo.

Maswali mazito

Maswali juu ya kuua wanyama yajibiwe kwa ufupi na ukweli: waliwaua ili wale, na walitumia ngozi, mifupa na mishipa pia. Maswali juu ya uumbaji yatakuja, na familia za darasa moja hazina jibu moja. Mwalimu aseme kilichopatikana ardhini na umri uliopimwa, na amwache mtoto aendelee na mazungumzo hayo na wazazi wake; si kazi ya somo hili kushindana na mtu nyumbani kwake.

Swali la kifo ndilo linalohitaji moyo. Wakati wake ukifika, mimi huwasimulia watoto wakubwa kidogo, wa miaka 7 kwenda juu, habari za pango la Panga ya Saidi katika pwani ya Kenya. Humo lilipatikana kaburi la mtoto wa miaka 2 na nusu hadi 3, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, na watafiti walipotangaza habari zake mwaka 2021 walimwita kwa neno letu: Mtoto. Alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Kichwa chake kilikuwa kimeinama kwa namna inayoonyesha kwamba kiliegemezwa juu ya kitu kilichooza baadaye, kama mto wa kulalia, na mwili wake ulionekana kufungwa kwa kitu kilichooza pia.

Mto wenyewe haupo. Waulize watoto, basi tunajuaje? Waliokwisha kufukua lile shimo la siku ya kwanza, na kuona alama ya jani likiwa limekwisha kutoweka, watalijibu.

Hatua ya mwisho: uchimbaji

Jaza sanduku pana kwa matabaka matatu ya udongo wenye rangi tofauti, na katika kila tabaka uweke vitu vinavyosimulia jambo moja: chini kabisa mawe ya kupondea na maganda ya mbegu, katikati mkaa na mifupa iliyochemshwa yenye alama za V, juu shanga na kipande chenye ngeu. Gawanya sanduku kwa nyuzi katika miraba ya sentimita 20. Kila jozi ya watoto iwe na mraba wake, brashi, kijiko na karatasi yenye miraba ileile. Sheria ni moja: hakuna kitu kinachoondolewa kabla hakijachorwa kilipolala. Atakayekiuka sheria apumzike raundi moja, kwa kuwa kitu kilichong'olewa bila mchoro kimepoteza nusu ya habari zake, na kwenye uchimbaji wa kweli hakirudishiki.

Baada ya kuchimba ndipo kila jozi isimulie hadithi yake, ikionyesha kwa kila sentensi kitu ilichokiegemea. "Walikaa hapa usiku, kwa sababu kuna mkaa." "Walikula nyama, kwa sababu mfupa una V." Mtoto akisema kitu kisicho na ushahidi, wenzake wameshajua cha kumwuliza.

Mkimaliza, msifukie shimo hivihivi. Wanaakiolojia wanapofunga mahali walipochimba, aghalabu huacha chini kitu cha kisasa, kama sarafu, ili atakayechimba baadaye ajue kwamba udongo huo ulikwisha kuguswa. Chukueni kile kizibo cha plastiki kilichofukuliwa siku ile, mtoto mdogo kuliko wote akiweke sakafuni mwa sanduku, kisha mrudishe udongo.